Daraja la Mume Wetu

Mgwashi,
Ijumaa, mwezi wa kwanza, 2025

Kwa mjukuu wangu Husna,

Marahaba. Nimeitikia mwenyewe kwa sababu barua yako ya mwisho ilianza na "Habari za siku nyingi, Bibi," kana kwamba mimi ni karani mwenzio. Umesoma mpaka umesahau shikamoo? Huko nyikani chini ya mlima wa moto hakuna wazee?

Mimi mzima. Goti ni lile lile. Mvua za vuli ziliishia njiani, maharage hayakujaza hata debe, ila kabeji imekubali. Usiniambie tena nipige simu. Simu inanikatia maneno katikati, halafu nabaki nimeishika sikioni naongea na ukuta. Herufi nilifundishwa kisomo cha watu wazima nikiwa na mama yako mgongoni. Sikuzipata bure, kwa hiyo utazisoma hivyo hivyo zilivyo kombo.

Uliomba picha ya daraja. Ungeomba picha yangu ungepungukiwa nini? Kornelio, yule mpasua mbao Mlutheri, amenipiga kwa simu yake nikiwa nimesimama juu ya daraja la mume wetu. Babu yako Athumani, Mungu amrehemu, alikuita mke mdogo kabla hujaota meno, basi na daraja lake ni letu sote. Nimevaa kanga mpya. Kornelio atakutumia akipanda kilimani penye mtandao.

Yeye na wenzake wako hapa kando ya mto tangu Maulidi. Asubuhi wanapitia chai kwangu. Na kila anayekwenda sokoni anapita mlangoni, "Hodi Bi Mwanahamisi," "Umeamkaje Bi Mwanahamisi." Kwa hiyo usidhani nimewekwa hapa kama gunia. Watu ninao.

Wewe ndiye sikuelewi. Mtoto wa kike amesomeshwa akatoka mhandisi, nikajua atajenga. Kumbe kazi yako ni kuzunguka ukiangalia madaraja ya wenzio yatavunjika lini! Nani atakuoa na kazi hiyo?

Njoo Idd. Siombi, nasema.

Mke mwenzako mkubwa,
Mwanahamisi


Engaresero,
27 Januari 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa ile niliyoisahau.

Picha imefika. Umependeza. Nimeitazama mara nyingi kwa sababu huku sina mengi ya kutazama. Wenzangu mwisho wa juma hurudi Arusha kwenye familia zao, mimi nabaki na hema na mlinzi ambaye haongei. Jioni nasikia kengele za mbuzi wa Wamasai zikienda bomani, kisha basi, upepo tu. Vumbi la mlima linaingia mpaka kwenye chai.

Ngoja nikueleze kazi yangu, maana najua unanitetea kwa watu huku hujui unatetea nini. Mlima huu ukitema majivu, yanalala kwenye miteremko. Mvua ikinyesha juu yake yanageuka tope zito, kama zege ambalo halijashika, linashuka limebeba mawe na miti. Maji hupita chini ya daraja. Tope la namna hii halipiti kirahisi. Daraja lenye nguzo katikati ndilo la kwanza kuumia: mti mmoja unanasa kwenye nguzo, wa pili unanasa kwenye wa kwanza, njia inaziba, na tope likikosa njia linageuka pembeni. Mimi napima uwazi wa chini, ukingo na mteremko, kisha naandika lipi libaki, lipi liinuliwe, lipi libomolewe.

Kwetu hakuna mlima wa moto, najua. Lakini udongo wetu ukishiba maji kule juu palipofyekwa, nao hushuka vile vile. Bibi, nyuma yako kwenye picha nimeona magogo yamelazwa majini, juu kidogo ya daraja. Daraja la Babu lina nguzo katikati. Na jiko lako liko upande ule ule ambao tope lingegeukia.

Tafadhali, magogo yaondolewe kabla ya masika. Na masika yakianza usilale pale, hamia kwa mtu yeyote aliye juu.

Mjukuu wako,
Husna


Mgwashi,
mwezi wa pili, siku ya soko

Husna,

Nimekutumia sura yangu, wewe ukaangalia magogo.

Hata hukuona kanga. Umesema nimependeza ili upate njia ya kufika kwenye magogo. Mimi si mtoto.

Hiyo unayoiita nguzo ni mguu. Mume wetu alisimama majini mwezi wa saba, na baridi ya Mgwashi unaijua, akaupanga jiwe juu ya jiwe, kijiji kizima kikimpokeza. Kabla yake tulivuka juu ya mti uliolala. Mwanamke mwenye uchungu alivushwa mgongoni kwa mwanamume, amefumba macho. Mama yako ni mtoto wa kwanza wa kijiji hiki kuvuka kwa miguu mikavu. El Niño ilipita hapa ikauacha mguu umesimama. Wakubwa wamepita na magari yao. Sasa anakuja mke mdogo, aliyekuta kila kitu kimeshajengwa, ananiandikia habari za kubomoa!

Na kuhama, sahau. Nihamie kwa nani? Mama yako ana mji wake Muheza. Nikakae kwenye kigoda cha mtu, niulizwe nitaondoka lini?

Haya, magogo nimewaambia. Yameshaondoka. Umeridhika?

Mwanahamisi


Engaresero,
3 Machi 2025

Bibi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Nisamehe kwa kanga. Niliiona, ni ya zambarau.

Asante sana kwa magogo. Tangu nipate barua yako nimelala usingizi.

Juzi mvua ilinyesha juu ya mlima huku sisi chini jua linawaka. Tulisikia kwanza mngurumo kama wa lori linalopanda mlima limeelemewa. Kisha tope la kijivu likaja. Halikuja kwa kasi niliyoitarajia, mtu mwenye miguu mizuri angeweza kulikimbia. Mgunga mmoja mkubwa ukanasa kwenye nguzo ya daraja. Mwaka jana niliandika kwamba nguzo ile itanasa. Ikanasa. Tope likageuka likaingia kwenye boma. Watu walikuwa wameshatolewa, mbuzi hawakutolewa. Wenzangu walinipa mkono kwamba nilikuwa sahihi. Nikaenda nyuma ya gari nikalia.

Hilo nimekuambia wewe tu.

Kwa sababu hiyo Idd sitaweza kuja. Masika ndiyo wakati tunaohitajika hapa. Nakuomba usinikasirikie sana.

Mjukuu wako,
Husna


Mgwashi,
Ramadhani imefika kati

Husna,

Huji. Sawa. Nilikuwa nimeshamwambia kila anayepita kwamba unakuja. Mpaka Twaha mwenyekiti nimemwambia. Sasa niwaambie nini? Nitasema una homa, na dhambi ni yako.

Pole kwa mbuzi. Kulia nyuma ya gari ni vizuri, mradi hawakukuona.

Saumu inakwenda. Nafuturu na wapasua mbao. Kornelio hafungi, lakini anasubiri adhana kuliko shehe. Jana alikuwa amekalia gogo lake pale majini, miguu inaning'inia, bakuli la uji mkononi, ananiuliza, "Bi Mwanahamisi, huyo mwadhini wenu amelala?" Nikamwambia, "Wewe njaa yako haina thawabu, nyamaza." Akasema, "Basi nipe kipande cha muhogo cha wasio na thawabu." Wenzake walicheka wakataka kuangukia mtoni. Hata mimi nilicheka, na ulikuwa wakati wa dua.

Wasingekuwepo ningefungua kwa tende na maji nikazima taa.

Kula daku. Ulikonda kwenye ile picha yako ya mwaka jana.

Mwanahamisi


Engaresero,
24 Machi 2025

Bibi, shikamoo.

Gogo gani?

Uliniandikia yameondoka. Niliamini. Usiku nikisikia ngurumo nilikuwa najiambia, angalau kule kwetu magogo yameondoka. Sasa unaniambia Kornelio amelikalia.

Angekuwa mtu mwingine ningempigia simu mwenyekiti aje na mgambo. Namba yake niliitafuta, nikaiacha. Nimeona nikuulize wewe kwanza.

Kwa nini, Bibi?

Husna


Mgwashi,
Idd imepita

Husna,

Marahaba. Unaniuliza kwa nini, nami sikuzoea kuulizwa na niliyemwogesha. Lakini umeuliza.

Gogo la mkaratusi likiachwa juani linapasuka, mbao hazinyooki. Ndiyo maana huku kwetu linalazwa majini likisubiri msumeno. Gogo likiwa mtoni kwangu, mpasuaji yuko kwangu. Asubuhi anakuja kuligeuza, mchana anakuja kulitazama, jioni anakuja kuona kama lipo. Kila akija anakunywa chai, anasema upuuzi wake, anaondoka. Gogo likihama, naye kahama. Nilikudanganya kwa sababu hiyo. Hakuna nyingine, usinichimbe.

Leo asubuhi nimewaambia waondoe. Kornelio aliniangalia. "Bi, tumekukosea nini?" Nikamwambia mjukuu wangu mhandisi amesema, na mhandisi akisema serikali imesema. Wameyavuta kwa kamba na ng'ombe mpaka juu kwenye shamba la miti ya miwati. Wamejichimbia dimbwi huko, mbali na mto, na jukwaa la kupasulia wamelihamisha.

Jioni nimechemsha chai ya birika kubwa. Nimekumbuka ikiwa imeshaiva.

Umefurahi?

Mwanahamisi


Engaresero,
30 Aprili 2025

Bibi yangu, shikamoo.

Nimekuandikia mara mbili baada ya ile yako ya Idd, hujajibu. Redio imesema njia nyingi za kwetu Bumbuli zimekatika kwa maporomoko. Simu yako haipatikani. Ya Kornelio inaita, haipokelewi. Mama kule Muheza hana habari. Nimeomba ruhusa, nimeambiwa hapa nako mlima unavuta mawingu, nisubiri wa kunipokea.

Nikemee basi. Niite mke mdogo asiye na adabu. Niandikie chochote.

Husna


Mgwashi, juu kwa Kornelio,
mwezi wa tano

Husna,

Sijafa. Barua haikufika kwa sababu hakukuwa na pa kuipitisha. Hii inashuka kichwani kwa mtu mpaka Soni.

Siku ile nilikuwa sipo nyumbani. Nilikuwa huku juu kwa wapasua mbao. Usicheke. Tangu wahame nilikuwa napanda kila mchana, goti linalia, nawaambia nimekuja kuokota kuni. Na chupa ya chai mkononi! Kornelio hakuuliza hata mara moja kuni zinaokotwaje na chupa.

Mvua ilikuwa imekaza tangu juzi yake. Tulisikia hilo lori lako. Kornelio akasema ni gari, nikamwambia gari linapita wapi huku, mpumbavu wewe, hilo ni tope. Tukasimama ukingoni tukaona. Mteremko wa mashamba ya juu ulikuwa umeachia wote. Mti ukaja na mizizi yake, ukafika kwenye mguu wa mume wetu, ukakaa. Ukaja mwingine ukaukalia. Tope likasimama kidogo, likajaa, halafu likageukia kwangu, kule kule ulikosema. Jiko likaenda na kuku ndani. Chumba changu kikajaa mpaka dirishani. Mwisho daraja lenyewe likalala upande, likaenda. Mguu ulikuwa wa mwisho. Niliutazama mpaka pakawa tope tupu.

Sikulia. Nililia kesho yake, nilipotaka chumvi nikakumbuka iko jikoni.

Hakufa mtu. Efrazia, mkewe Kornelio, amenipa kitanda cha binti yake. Anapika ugali laini mno, ila simwambii, maana nipo kwake.

Ulisema kweli. Nimeandika mara moja, usitegemee mara ya pili.

Twaha anasema halmashauri inatafuta mhandisi wa kuwaambia daraja jipya likae wapi. Nimemwambia ninaye, tena wa madaraja ya tope. Ukija utazame vizuri.

Mwanahamisi


Lushoto,
19 Juni 2025

Bibi yangu, shikamoo.

Nimeondoka Mgwashi jana na kuna jambo sikukuambia. Ulinifulia soksi, ulinipikia mboga ninayoipenda, ulinifunika usiku ukidhani nimelala. Nikakaa kimya siku zote zile. Sasa nakuandikia kutoka chumba cha wageni hapa Lushoto, kwa sababu kwa barua siuoni uso wako.

Nimeupima mto wote. Pale lilipokuwa la Babu, bonde linapanuka. Tope likifika hapo linapunguza mwendo na kumwaga mzigo wake, mawe na miti. Daraja lolote pale litaziba, hata lisilo na mguu. Kule juu kwenye mwamba mto ni mwembamba. Daraja la mruko mmoja, lisilo na nguzo katikati, lililoinuliwa, tope litapita chini yake liende zake. Ndipo panapofaa. Nimetafuta kila namna ya kupata jibu jingine na sikulipata.

Lakini daraja likiwa mwambani, barabara nayo itahama. Itazunguka nyuma ya kilima. Majirani wamekuondolea tope, umerudi chumbani kwako, na wapasua mbao wanamalizia miti yao wahamie msitu mwingine. Hakuna atakayepita tena mlangoni kwako.

Ripoti bado ninayo. Twaha ameniambia kijiji kitakutana, na wengi wanataka pale pale pa zamani. Anasema mjane wa aliyelijenga akisimama akataka pale pale, hakuna atakayebisha, na halmashauri itawasikiliza. Basi iko mkononi mwako, Bibi. Ukisema pale pale, sijui nitaandika nini.

Mjukuu wako,
Husna


Mgwashi,
mwezi wa saba

Husna,

Marahaba, mwoga wewe.

Nilijua. Ulipokuwa unapima pale mwambani ulikuwa hunitazami, na mtoto niliyemlea asiponitazama najua ameficha kitu. Nikasema nimwache, atakisema akiwa mbali.

Mkutano umefanyika. Watu walijaa uwanja wa shule. Twaha akazunguka wee, akamsifu mume wetu mpaka nikadhani amefufuka, kisha akasema, "Bi Mwanahamisi, mji ni wako, sema neno." Wote wakanigeukia. Walikuwa wameshajipanga kupiga makofi.

Nikasimama. Nikawaambia, "Athumani alijenga pale kwa sababu ndipo alipokuwa anakaa. Alitaka kazi iliyo karibu na chakula." Wakacheka. Nikasema, "Hakuwa na kipimo, alikuwa na mikono, na mikono yake ilitosha kwa mvua za zamani. Mjukuu wake amepima. Jengeni mwambani."

Akainuka Ismaili wa dukani. "Bibi, barabara ikihama wewe utabaki na nani kule chini?" Nikamwambia, "Ismaili, miaka yote umepita mlangoni kwangu hujawahi kukaa, leo unaniulizia wenzangu?" Akakaa. Watu wakapiga makofi, lakini si yale waliyokuwa wameyaandaa.

Kwa hiyo peleka ripoti. Usiibadilishe hata mstari kwa ajili yangu. Ukiibadilisha na mtoto wa mtu akasombwa, usije ukaniambia ulinihurumia mimi.

Kornelio na wenzake wamehama wiki iliyopita. Alikuja kuaga, akaniachia mbao nzuri za mlango wa jiko. Efrazia alilia, mimi nikamwambia atie unga zaidi kwenye ugali. Ilibidi nimwambie siku moja.

Watu sasa wanavukia mwambani juu ya magogo mawili. Asubuhi ya soko nawasikia nyuma ya kilima, sauti tu, sitambui ni nani na nani. Njia ya mlangoni kwangu imeanza kuota majani.

Nimekaa nikafikiri. Miaka yote hiyo walisema hodi kwa sababu nilikuwa njiani. Sikuwahi kujua nani amenijia na nani anapita tu. Sasa atakayefika hapa atakuwa ameiacha barabara, ameshuka kilima chote, na huku hakuna kingine cha kufuata. Atakuwa amenikusudia mimi.

Jana nilikaa mlangoni kutwa nione ni nani. Hakuja mtu. Leo nakaa tena.

Mke mwenzako,
Mwanahamisi